Hesabu ya ugonjwa si unabii: watuonyeshe "kama" yao



Kila mara ugonjwa unapoingia mu muji, mambo yanaenda namna moja. Kwanza radio na simu zinasema: wataalamu wamepiga hesabu, kisha miezi mitatu wagonjwa watafika elfu fulani. Watu wanaogopa. Miezi mitatu inapita, zile elfu hazionekani. Basi pale kwenye parkingi ya wamotari unasikia: "Balisemaka tutakufa sisi wote, na tungali tuko. Banatudanganya. Njo biashara yabo."

Leo tunataka kuzungumza juu ya hiyo hesabu. Hatutetei wakubwa, na hatutetei wale wenye walikula pesa ya ugonjwa. Tunazungumza juu hiyo hesabu inaamua mambo ya maisha yetu: chanjo inaenda kartie gani, soko linafungwa ao halifungwe, nani anapita kwenye barriere na nani anarudishwa, na hata nani anapiga kura na nani anaambiwa angojee. Kitu chenye kinakuamulia maisha, lazima ukijue namna kinafanya kazi. Kusipo hivyo, utabaki wa kuogopa ao wa kucheka, na yote mawili haisaidii.

Ndani ya hesabu hakuna uchawi

Mwenye kupiga hesabu ya ugonjwa anauliza maswali matatu. Mugonjwa mumoja anaambukiza watu wangapi? Inapita siku ngapi kati yake na wale anaowaambukiza? Na ni watu wangapi wangali wanaweza kuupata? Akiwa na majibu, anaenda mbele juma kwa juma. Hiyo njo wanaita modeli. Si kitu cha jana: mu 1927, watu wawili wa Scotland, Kermack na McKendrick, walikuwa wamekwisha kuandika namna hiyo ya kuhesabu, na mpaka leo modeli nyingi zinajengwa juu ya kazi yao.

Chukua kalamu tupige hesabu pamoja. Kwa Ebola, kati ya mugonjwa na mwenye ameambukizwa naye inapita karibu majuma mawili. Tuseme kuko wagonjwa 100, na kila wagonjwa 10 wanaambukiza wengine 11. Kisha mizunguko 10, ni kusema karibu miezi mitano, muzunguko mumoja utakuwa na wagonjwa karibu 260. Ugonjwa unapanda.

Sasa badilisha kitu kidogo tu. Kila wagonjwa 10 waambukize 9, si 11. Kisha miezi ile ile mitano, wanabaki karibu 35, na ugonjwa unaenda kufa wenyewe.

Kati ya 11 na 9 kuko watu wawili. Wawili tu, kwa wagonjwa kumi. Na hao wawili si namba za kwenye kompyuta. Mumoja ni yule jamaa wa marehemu mwenye hakugusa maiti, juu familia ilikubali mazishi ya salama. Mwengine ni yule abiria wa pikipiki mwenye alichanjwa mapema, juu motari alisema kweli alibeba nani. Hesabu yote ya Ebola, na mashine zao zote kubwa, inasimama juu ya watu wawili kama hao.

Njo maana tunasema: hesabu ya ugonjwa si unabii. Nabii anasema "itakuwa". Modeli inasema "itakuwa, kama". Kama hakuna kinachobadilika. Kama chanjo inafika. Kama watu wanaendelea kuficha. Shida yetu ni kwamba namba inasafiri haraka kwenye WhatsApp, na ile "kama" inabaki nyuma.

Milioni moja na nusu karibu, zenye hazikutokea

Mufano mukubwa ni wa Afrika ya Magharibi. Mu mwezi wa kenda 2014, Ebola ilikuwa inawaka Liberia, Sierra Leone na Guinea. CDC, ile ofisi ya Marekani yenye kuchunga magonjwa, ilitoa hesabu: kama hakuna kinachofanyika zaidi, na watu wakiendelea kuishi namna ile ile, Liberia na Sierra Leone zingeweza kufika wagonjwa milioni 1.4 mpaka 20/01/2015, ukihesabu pia wale wenye hawakuripotiwa. Dunia nzima ilishika ile namba.

Mwisho wake? Kwa zile inchi tatu pamoja, ugonjwa wote, walihesabiwa wagonjwa zaidi kidogo ya 28,600, na wafu zaidi ya 11,300. Ni kilio kikubwa sana, lakini mbali kabisa na milioni 1.4. Watu wengi wakasema: wataalamu walidanganya.

Lakini karatasi ile ile ilikuwa na upande wa pili, wenye haukusafiri. Ilisema: kama wagonjwa karibu 70 kwa 100 watatunzwa mu vituo ao mahali penye hawaambukizi wengine, na wafu wakazikwa kwa salama, ugonjwa utashuka na utaisha. Watu walifanya hiyo kazi. Waganga waliingia, majeshi na pesa vikakuja, lakini hata mbele ya hapo raia wa Liberia wenyewe walianza kuweka ndoo za mayi na klorini mbele ya milango, na kubadilisha namna ya kuzika wapendwa wao. Ile "kama" ya kwanza ilivunjwa, na namba ikaanguka nayo.

Basi namba ya kutisha yenye haikutokea, mara nyingine njo ushindi. Ukimuambia mutoto "ukivuka bila kuangalia, gari itakugonga", naye akaangalia na akavuka muzima, hautamuambia mama yake kwamba alidanganya.

Siku walitunyima kura, nani alituonyesha hesabu?

Sasa tuje kwetu. Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri ilitangazwa 01/08/2018, ikaisha 25/06/2020. Wagonjwa 3,470, wafu 2,287. Kila moja ya hizo namba iko na jina mu familia fulani ya Beni, Mangina, Butembo, Katwa, Mambasa.

Tarehe 26/12/2018, siku ine mbele ya uchaguzi, CENI ilitangaza kwamba Beni na Butembo hazitapiga kura pamoja na inchi yote. Zitangojea mwezi wa tatu. Sababu zilizotajwa: Ebola na usalama. Ni watu zaidi ya milioni moja walitolewa inje ya uchaguzi wa rais. Rais mupya aliapishwa 24/01/2019, wao bado.

Mu siku zile, masoko yalikuwa wazi. Makanisa yalikuwa yanajaa, Noeli ilikuwa jana yake. Pikipiki zilikuwa zinabeba watu wawili, watatu. Kama kuko mutu alipiga hesabu ya kuonyesha kwamba laini ya kura inaambukiza kuliko laini ya soko, raia hakuonyeshwa ile hesabu. Aliambiwa neno tu: Ebola. Na neno bila hesabu ni amri.

Ikatoka nini? Kesho yake, 27/12, hasira ilimwagika mu barabara za Beni. Waandamanaji walivamia kituo cha kupokelea wagonjwa wa kushukiwa, na wagonjwa wakakimbia. Tuliseme wazi, juu sisi ni watu wa mapambano bila fujo: kushambulia mahali pa wagonjwa hatukubali, hata kwa sababu ya haki. Lakini tuliseme pia lingine: wale wenye walitumia ugonjwa bila kuonyesha hesabu, waliwasha moto mu nyumba yenye ilikuwa na petroli. Tarehe 30, raia wa Beni walionyesha njia ingine. Walipanga laini, wakanawa mikono, wakapiga kura yao wenyewe ya mufano. Walihakikisha kwa mikono yao kwamba kuchunga afya na kuchunga haki vinaweza kwenda pamoja.

Kisha ikakuja mwaka mubaya. Tarehe 24/02/2019 kituo cha Katwa kikashambuliwa, siku tatu kisha hapo kile cha Butembo. Tarehe 19/04, munganga Richard Mouzoko wa Cameroun, mwenye alikuwa anafanya kazi na OMS, akauawa Butembo akiwa kwenye kazi. Na katika majuma yale, wagonjwa wapya walipita 100 kwa juma moja. Watafiti wenye waliweka pamoja tarehe za fujo na tarehe za wagonjwa waliona kwamba maambukizo yalipanda kisha fujo. Ni rahisi kuelewa: siku za risasi na za vizuizi, chanjo haitembei, hakuna wa kufuata wale wenye waligusana na mugonjwa, na maiti inazikwa usiku. Tisa inakuwa kumi na moja.

Modeli inakula chenye tunaipa

Tusidanganyane: modeli pia zinakosa, tena kosa la kweli. Mara nyingi si juu ya hesabu mubaya. Ni juu ya chakula chenye zinapewa. Kama mugonjwa amekufa nyumbani na familia imesema ilikuwa malaria, yeye hayuko mu hesabu, na wenye walimuogesha hawako. Mu Kivu ya Kaskazini, wagonjwa wengi walipatikana bila kuwa kwenye liste yoyote ya watu wenye waligusana na mugonjwa. Ni kusema kuko njia za ugonjwa zenye hakuna mutu alikuwa anaziona. Hapo hata muhesabu wa kwanza wa dunia anapiga hesabu mu giza.

Juu ya nini watu walificha? Jibu liko. Mu mwezi wa kenda 2018, watafiti waliuliza watu 961 wa Beni na Butembo. Karibu mumoja kwa wane hakuamini kwamba Ebola iko. Na ni chini ya mumoja kwa watatu tu mwenye alisema anatumainia viongozi wa mahali kwamba wanachunga faida ya raia. Wenye hawakuwa na tumaini, njo wenye hawakutaka chanjo na hawakufuata mashauri. Kwa hiyo tumaini si maneno ya mahubiri. Tumaini ni namba, inaingia mu modeli kama ile ya maambukizo.

Na tumaini haliombwi, linajengwa. Watu wa Beni walikuwa wanauawa tangu 2014 bila magari kukuja. Ebola ikaingia, magari yakajaa barabara. Kila mutoto alijiuliza: kumbe magari yalikuwa wapi? Kisha, mu mwezi wa kenda 2021, tume huru yenye iliwekwa na OMS yenyewe ilitoa ripoti juu ya wanawake wenye walinyanyaswa na watu wa Riposte: washukiwa 83, na 21 kati yao waliajiriwa na OMS. Halafu munamuuliza mama juu ya nini hakufungua mulango?

Lakini na sisi tujiangalie. Wengi wetu tulituma ile audio bila kuuliza imetoka wapi. Tulicheka na neno "Ebola business", na chini ya kicheko kuko watu walikataa chanjo yenye ingewaokoa. Hasira yetu ilikuwa na sababu, lakini virusi haisomi sababu.

Wenye hawahesabiwe, hawaokolewe

Kuko kosa lingine, kubwa kuliko kukosea namba: kuchagua cha kuhesabu. Katika wakati ule ule wa Ebola, surua ilikuwa inaenea inchi nzima. Kuanzia 2019 mpaka 2020, walihesabiwa wagonjwa wa kushukiwa zaidi ya 300,000, na wafu zaidi ya 6,000, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano. Ni zaidi ya mara mbili ya wafu wa Ebola ya Kivu. Magari yake ulisikia? Hesabu ya surua wala si ngumu: mutoto mumoja anaweza kuambukiza 12 mpaka 18 wenye hawana kinga, kwa hiyo lazima uchanje karibu 95 kwa 100. Wakiwa chini ya hapo kwa miaka mingi, hauhitaji mashine ya Amerika kujua chenye kitatokea. Ile haikuwa bahati mubaya. Ilikuwa inaonekana toka mbali.

Na leo mpox. Aina mupya ilionekana Kamituga mu 2023, tarehe 14/08/2024 OMS ikatangaza hatari ya dunia nzima, chanjo za kwanza zikafika Kinshasa mu mwezi wa kenda, wakaanza kuchanja Goma mu mwezi wa kumi. Halafu mu mwezi wa kwanza 2025, vita ikaingia Goma, na wagonjwa mamia wakatoka mu vituo kukimbia risasi. Siku ile, kila "kama" yenye ilikuwa imeandikwa juu ya mpox ya Kivu ikapasuka. Ndugu, kama tunataka hesabu nzuri ya ugonjwa, amani nayo ni moja ya maswali ya hesabu hiyo.

Chenye tunadai

Kwa Wizara ya Afya, INRB, OMS na wote wenye kupiga hizo hesabu juu ya vichwa vyetu:

Moja. Kila namba ya mbele itoke pamoja na "kama" yake, tena na kiwango cha chini na cha juu. Itoke mu Kiswahili, Lingala, Kikongo na Tshiluba, si mu Kifaransa na Kiingereza peke yake. Hesabu yenye mama wa soko la Virunga hawezi kuielewa, haiwezi kumuomba abadilishe maisha yake.

Mbili. Kisha muda kupita, murudi mbele ya raia na kusema: tulisema hivi, ilitoka hivi, tofauti ni juu ya hiki. Mwenye kukubali kosa lake njo mwenye ataaminiwa kesho.

Tatu. Amri yoyote yenye kukamata haki ya raia kwa jina la ugonjwa, kura, soko, masomo, safari, itoke na hesabu yake kwenye meza. Hakuna hesabu, hakuna amri. Yaliyofanyika Beni na Butembo 2018 yasirudie tena, popote mu inchi hii.

Ine. Wa-RECO, wale wenye kupita mulango kwa mulango na daftari mukononi, walipwe, tena kwa wakati. Modeli yote ya Genève ao ya Atlanta inaanzia kwenye daftari lao. Haiwezekani mwenye kuleta namba alale njaa, na mwenye kuichora kwenye grafiki alale mu hoteli.

Tano. Majina ya wagonjwa na ya wenye waligusana nao yachungwe. Liste ya afya isifike kamwe mikononi mwa mwenye silaha, wa upande wowote.

Sita. Surua, kolera na malaria zihesabiwe na zitangazwe kwa nguvu ile ile kama magonjwa yenye kuogopesha wazungu.

Na kwetu sisi vijana: mbele ya kutuma namba, uliza maswali matatu. Nani aliipiga? Inasema "kama" nini? Ni ya tarehe gani? Mwenye anasoma hesabu ao informatiki pale chuo kikuu, ajue kwamba kazi hii inamungojea. Inchi yenye ilikutana na Ebola ya kwanza Yambuku mu 1976, inchi ya Profesa Muyembe mwenye alichukua damu ya wagonjwa wa kwanza kwa mikono yake, tena mwenye alipewa kuongoza Riposte mu mwezi wa saba 2019, haiwezi kungojea kila mara hesabu ya ugonjwa wake itoke ng'ambo. Na mwenye hakusoma hesabu, ako na kazi kubwa zaidi: kusema kweli aligusana na nani, na kumutetea jirani mwenye amechanjwa asitukanwe.

Ugonjwa utarudi. Hilo hatusemi kwa unabii, tunasema kwa sababu umekwisha kurudi mara nyingi. Siku utarudi, watatuletea namba tena. Tusiikimbie, na tusiipigie magoti. Tuulize "kama" yake ni gani, halafu tuhakikishe wale watu wawili, wenye kutoa kumi na moja kuifanya tisa, wanatoka mu kartie yetu.